RDC: Kabla ya kumkatalia mtoto yai, samaki au karanga, maswali ambayo muuguzi na daktari wanapaswa kuuliza

Mtoto amekula yai asubuhi na mapema. Saa sita mchana ngozi yake imejaa vipele, na jirani ameisha toa hukumu: ni aleji. Kuanzia siku hiyo yai halionekani tena kwenye sahani yake. Miezi inapita, samaki naye anakatazwa, halafu karanga, halafu maziwa. Siku anapofikishwa kwenye kituo cha afya, ana umri wa miaka miwili na uzito wa kilo nane, na vyakula alivyokatazwa ni vingi kuliko vile anavyokula.

Mambo ya namna hii si mageni kwa wahudumu wa afya. Huku kwetu mgonjwa hafiki kwanza kwa mtaalamu wa aleji. Anafika kwa muuguzi wa kituo cha afya, na baadaye, ikihitajika, kwa daktari wa kawaida katika hospitali kuu ya zoni ya afya. Hao ndio wanaotakiwa kuamua, mara nyingi bila maabara kubwa, kama chakula fulani kinamdhuru mtu kweli au kinasingiziwa.

Lugha yenyewe inachanganya mambo. Kiswahili kina neno mzio. Tangu zamani mzio ni chakula ambacho mtu hatakiwi kula, kwa sababu ya mila ya ukoo, ya ujauzito, ya ugonjwa au ya agizo la mganga. Leo neno hilo hilo linatumika kwa kutafsiri aleji. Kwa hiyo mama anaposema "mayai ni mzio wake", anayemsikiliza hajui bado kama mtoto aliwahi kuvimba midomo, au kama ni bibi yake aliyekataza.

Makosa mawili, yote yanaumiza

Kosa la kwanza ni kudharau aleji ya kweli. Mtu mwenye aleji kali anaweza kufa katika muda mfupi kuliko ule wa kutafuta moto ya kumfikisha hospitali.

Kosa la pili halina kelele, lakini linagusa watoto wengi: kukataza chakula bila sababu. Utafiti wa MICS uliofanywa nchini mwaka 2017-2018 ulionyesha kwamba watoto 42 kwa mia walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa sababu ya utapiamlo wa muda mrefu. Na vyakula vinavyoongoza kwa kuleta aleji duniani ni maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, samaki, soya, ngano na kamba. Vingi kati ya hivyo ndivyo vinavyompa mtoto protini. Familia ikiviondoa vyote kwa hofu, itabaki na ugali wa muhogo na majani. Mtoto atakuwa amekingwa na ugonjwa asiokuwa nao, huku akiingia katika ule ulio mlangoni.

Aleji ni nini hasa

Aleji ya chakula ni kosa la kinga ya mwili. Badala ya kupigana na vijidudu, kinga inakichukua chakula kama adui. Katika aina inayojulikana zaidi, mwili unatengeneza kingamwili ziitwazo IgE, na mtu anapokula chakula hicho tena, chembe za mwili zinamwaga histamini na kemikali zingine.

Aina hiyo inakuja haraka: ndani ya dakika chache, na kwa kawaida haizidi saa mbili baada ya kula. Ngozi inatoa mabaka yanayowasha na kuhamahama, midomo na macho vinavimba, mtu anatapika, anakohoa, anapumua kwa shida, au presha inaanguka.

Kuna aina ya pili isiyopitia IgE, ambayo inachelewa saa nyingi na hata siku mbili. Inaonekana zaidi kwa watoto wachanga: kutapika kwa kurudiarudia, kuharisha, kinyesi chenye damu, ukurutu usiopona, uzito usiopanda. Hiyo ni ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu magonjwa mengine mengi yana dalili hizo.

Maswali matano

Chombo cha kwanza cha daktari ni maswali, na hakigharimu hata franga moja. Taasisi ya NICE ya Uingereza, ambayo mwaka 2011 ilitoa mwongozo juu ya aleji ya chakula kwa watoto na vijana, inaweka historia ya mgonjwa mbele ya kipimo chochote. Maswali yenyewe yanaweza kukusanywa hivi.

La kwanza: alikula nini hasa? "Sombe" haitoshi kama jibu, maana kuna anayepika sombe na karanga, na mwingine anatia samaki. "Uji" pia hautoshi. Unga wa masoso unachanganya mahindi, soya na mtama.

La pili: alikula kiasi gani, na kilikuwa kimepikwa namna gani? Kuna watoto wanaovumilia yai lililookwa ndani ya keki lakini wanavimba kwa yai lisiloiva vizuri.

La tatu: dalili zilianza baada ya muda gani? Hapa ndipo mashtaka mengi yanaanguka. Vipele vya saa sita mchana ni vigumu kuvibebesha yai lililoliwa saa moja asubuhi. Vingetokea kabla ya saa tatu, shaka ingekuwa na msingi.

La nne: mwili ulifanya nini, na kwa muda gani? Mabaka ya aleji kwa kawaida yanapotea ndani ya siku moja. Vipele vinavyokaa wiki nzima mahali pamoja vinasimulia jambo lingine.

La tano: ilirudi? Kama mtoto alikula chakula hicho hicho kabla au baada ya siku ile bila kupatwa na lolote, aleji ya haraka inakuwa mbali sana. Kama kila mara anapokionja hali inajirudia, daktari ana sababu ya kwenda mbele. Anauliza pia kama mtoto au wazazi wake wana pumu au ukurutu, kwa kuwa magonjwa hayo hutembea pamoja na aleji.

Vinavyofanana na aleji

Samaki aina ya tomson, ambaye anafika amegandishwa na kuuzwa karibu kila soko la nchi, ni mfano mzuri. Barafu ikiyeyuka na samaki akakaa juani, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama yake. Anayemla anawaka uso, kichwa kinamuuma, ngozi inatoa mabaka, na moyo unapiga mbio. Inafanana kabisa na aleji, lakini ni sumu ya samaki aliyeharibika. Kuchemsha, kukaanga au kugandisha tena hakuiondoi. Alama inayosaidia ni moja: mara nyingi watu kadhaa waliokula kwenye sufuria ile ile wanaugua pamoja. Mtu huyo anaweza kula samaki mzima siku nyingine bila shida, na kumkataza samaki maisha yote ni kumwonea.

Maziwa nayo yana kesi yake. Watu wazima wengi wa Afrika ya Kati wanapoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Wanajaa gesi, tumbo linanguruma, wanaharisha. Inasumbua lakini haiui, na wengi wao wanaweza kula maziwa yaliyoganda au jibini ya Masisi bila tatizo.

Minyoo inaweza kuleta mabaka ya kuwasha. Gale inawasha usiku na kuambukiza nyumba nzima. Dawa nazo zinaweza kuwa na kosa: mtu aliyekula samaki siku aliyoanza antibiotiki anapaswa kuulizwa juu ya vyote viwili.

Na kuna uvimbe ambao kamwe haufai kuitwa aleji: miguu yote miwili ya mtoto imevimba, na kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Hiyo ni alama ya kwashiorkor. Mtoto huyo anahitaji kupewa chakula cha matibabu haraka. Kumpunguzia chakula ni kumsogeza karibu na kifo.

Kipimo cha damu hakitoi hukumu peke yake

Wenye uwezo hutafuta kipimo cha IgE katika damu, na wengine husafiri nje ya nchi kwa ajili yake. Kipimo hicho kina kazi yake, lakini kinaonyesha tu kwamba mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya chakula. Hakithibitishi kwamba mtu anaugua akikila.

Utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2013 unafundisha sana kwa nchi zenye minyoo na kichocho. Kati ya wanafunzi zaidi ya 1,600, karibu 17 kwa mia walikuwa na IgE dhidi ya karanga katika damu. Lakini walipochomwa ngozi kwa tone la karanga, 2 tu kwa mia ndio waliotoa uvimbe, na watoto hao kwa jumla walikuwa wakila karanga bila kuugua. Watafiti walieleza kwamba kingamwili nyingi zilikuwa zinashika sukari fulani zilizomo katika mimea na pia katika vimelea kama vile vya kichocho. Daktari angesoma karatasi ya maabara peke yake, angewakataza karanga mamia ya watoto wazima.

Aleji ya kweli ipo Afrika, lakini inahitaji kuthibitishwa. Huko Afrika Kusini, watafiti waliwapima watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu na kuwalisha chakula kilichoshukiwa chini ya uangalizi. Cape Town, mjini, walipata aleji kwa watoto 2.5 kwa mia. Vijijini katika jimbo la Eastern Cape walikuwa 0.5 kwa mia.

Kuna pia vipimo visivyofaa kabisa kwa kazi hii. Kipimo cha IgG, chenye orodha ndefu ya vyakula "vibaya", kinaonyesha zaidi kwamba mtu amewahi kula vyakula hivyo. Vipimo vya nywele havina msingi. Mwongozo wa NICE unakataa kuvitumia kutambua aleji.

Kuacha, halafu kurudisha

Kama shaka ni ya aina inayochelewa, na hakujatokea dalili za hatari, kuna jaribio ambalo hata kituo kidogo kinaweza kulisimamia. Chakula kimoja kinachoshukiwa kinaachwa kabisa kwa wiki mbili hadi sita. Familia inaandika kila siku alichokula mtoto na namna alivyokuwa. Muuguzi anampima uzito. Kisha chakula kinarudishwa.

Hatua hiyo ya kurudisha ndiyo wengi wanairuka. Mtoto akipata nafuu, mzazi anaona kesi imekwisha. Lakini ukurutu na kuharisha vina tabia ya kupanda na kushuka vyenyewe. Kama dalili hazirudi chakula kinaporudi, chakula hakikuwa na kosa. Zikirudi, sasa kuna ushahidi.

Jaribio hili lisifanyike nyumbani kwa mtu aliyewahi kuvimba koo, kukosa pumzi au kuzimia baada ya kula. Huyo anapelekwa hospitali, ambako chakula kinaweza kujaribiwa kidogo kidogo huku dawa ya kumwokoa iko tayari mezani.

Mtoto anayenyonya

Kwa mtoto mchanga anayeshukiwa kuwa na aleji ya maziwa ya ng'ombe, kunyonya hakusimamishwi. Mama ndiye anayeacha maziwa ya ng'ombe na vyakula vyenye maziwa kwa wiki mbili hadi nne, halafu anarudia kuvila ili kuona kama dalili zinarudi. Katika muda huo mama naye anahitaji kula vizuri, maharagi, samaki na mboga, asije akadhoofika.

Kubadilisha maziwa ya ng'ombe na kuweka ya mbuzi, kama wengi wanavyoshauriwa mtaani, si suluhisho. Protini zake zinafanana sana, na watoto wengi wenye aleji ya maziwa ya ng'ombe wanadhurika pia na yale ya mbuzi.

Kuchelewesha mayai, samaki au karanga kwa hofu ya aleji pia hakusaidii. Utafiti uitwao LEAP, uliofanywa London na kuchapishwa mwaka 2015, uliwafuata watoto 640 waliokuwa hatarini kwa sababu ya ukurutu mkali au aleji ya mayai. Walipofika miaka mitano, kati ya wale waliozuiliwa karanga, karibu 17 kwa mia walikuwa na aleji yake. Kati ya waliolishwa karanga mapema, walikuwa karibu 3 kwa mia. Kwa mtoto wa kawaida, maziwa ya mama peke yake yanatosha hadi miezi sita, halafu vyakula hivi vinaweza kuingia pamoja na vingine. Karanga iwe imesagwa na kuchanganywa katika uji, kamwe isiwe nzima, kwa sababu inaweza kumpalia.

Dakika zinapokuwa chache

Mtu amekula, na katika muda mfupi ana mabaka mwilini pamoja na shida ya kupumua, sauti iliyokwama, kutapika mfululizo au kuishiwa nguvu. Huu ni mshtuko wa aleji. Dawa ya kwanza ni adrenalini, ambayo imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS).

Inachomwa ndani ya msuli, upande wa nje wa paja, katikati. Kipimo ni 0.01 mg kwa kila kilo ya uzito, bila kupita 0.5 mg kwa mtu mzima. Kwa ampuli ya 1 mg katika mililita moja, mtoto wa kilo 10 anapata mililita 0.1. Kama hali haibadiliki baada ya dakika tano, sindano inarudiwa.

Kosa linalogharimu maisha ni kuanza na dawa za kuzuia kuwashwa, au na haidrokotizoni au deksametazoni, na kuiacha adrenalini iwe ya mwisho. Dawa hizo hazifungui koo lililovimba wala hazipandishi presha kwa haraka inayohitajika. Kosa lingine ni kumkalisha mgonjwa wima juu ya moto kabla hajachomwa sindano. Presha ikiwa imeanguka, kusimamishwa au kukalishwa ghafla kunaweza kumuua. Alazwe, miguu iinuliwe. Kama hawezi kupumua akiwa amelala, aegemezwe. Baada ya kupata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu mshtuko unaweza kurudi.

Kalamu za adrenalini ambazo wagonjwa wa Ulaya na Marekani wanatembea nazo ni vigumu kuzipata katika maduka ya dawa ya huku. Ndiyo maana kituo cha afya kilicho karibu, chenye ampuli isiyoharibika na muuguzi anayejua kipimo, ndicho kinga ya kweli ya mgonjwa. Familia yake inapaswa kujua kabla ya siku ya hatari ni kituo gani kiko wazi usiku.

Aleji ikithibitishwa

Kinachokatazwa ni kile kilichothibitishwa peke yake. Karanga iko katika jamaa moja na maharagi, lakini wengi wenye aleji ya karanga wanakula maharagi bila shida, na hakuna sababu ya kuwanyima. Kinyume chake, mwenye aleji ya kamba awe mwangalifu na kumbikumbi na viwavi, kwa kuwa wadudu wana protini inayofanana na ya kamba. Nchini Botswana, mwaka 2010, waganga waliandika habari za mwanamke wa miaka 36 aliyepata aleji baada ya kula viwavi.

Kwa kila chakula kinachoondolewa, daktari anataja kingine cha kukifidia: anayekosa mayai apate samaki au maharagi, anayekosa maziwa apate sambaza na soya. Walimu na ndugu wanaolea mtoto wanaambiwa wazi, bila kuficha.

Chanjo nazo zina swali lake. Aleji ya mayai haizuii chanjo ya surua, na hilo ni muhimu katika nchi ambayo mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000. Chanjo ya homa ya manjano ni tofauti, kwa kuwa inatengenezwa ndani ya mayai. Mtoto mwenye aleji kali ya mayai aonwe na daktari kabla ya kuipata.

Aleji nyingi za utotoni haziendi na mtu hadi uzeeni. Watoto wengi wenye aleji ya maziwa au mayai wanapona wanapokua, wakati ile ya karanga, samaki au kamba mara nyingi inabaki. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mgonjwa, karibu na jina la chakula kilichokatazwa, panafaa kuandikwa mambo mawili: sababu ya kukikataza, na tarehe ya kuja kuangaliwa tena. Mzazi ambaye hakupewa tarehe hiyo ana haki ya kuiomba kabla ya kutoka.